Gwakamole: ni kweli maana yake ni "mchuzi wa korodani"?

#1 MpishiMlimani (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Kazi yangu ni jikoni, upande wa saladi na vitafunwa, katika hoteli moja hapa Arusha. Wiki mbili zilizopita nilikuwa naponda maparachichi mbele ya wageni: manne yaliyoiva vizuri, kitunguu kimekatwa vidogo vidogo, pilipili mbuzi moja, ndimu mbili, giligilani na chumvi. Mgeni mmoja akasimama, akalitazama bakuli, akaniuliza kinaitwaje. Nikamwambia gwakamole. Akasema, "Najua. Nauliza maana yake." Nikakosa la kujibu. Basi akanieleza, kwa sauti iliyofika meza ya tatu, kwamba ni neno la Waazteki wa Meksiko na maana yake ni mchuzi wa korodani.

Nilikuwa na vijana wawili wa mafunzo kazini. Walicheka mpaka mmoja akaweka kisu chini. Tangu siku hiyo hawaiti tena gwakamole, wana jina lao, na hapa siliandiki.

Kadi ndogo inayokaa mbele ya bakuli naiandika mimi kwa mkono wangu. Miaka sita nimekuwa nikiandika jina nisilojua maana yake, na hilo limeniuma kuliko kile kicheko. Naomba wanaojua wanisaidie: neno hili limetoka wapi, na hayo ya korodani yana ukweli?

#2 KigodaMbele

Nimeshusha kigoda. Wajuzi wa lugha, uwanja ni wenu.

#3 MsomaKamusi

Mkuu, ni neno la Kinahuatl, ndiyo lugha ya Waazteki. Na isidhaniwe ni lugha iliyokufa. Sensa ya Meksiko ya 2020 ilihesabu wasemaji zaidi ya milioni 1.6.

Neno lenyewe ni ahuacamolli. Lina vipande viwili: ahuacatl, yaani parachichi, na molli, yaani mchuzi au rojo. Nomino za Kinahuatl aghalabu hubeba mkia: -tl, -tli au -li. Ukiunganisha nomino mbili, ya kwanza inakatwa mkia, ya pili inabaki nao. Ndiyo maana husikii ahuacatl-molli. Wahispania nao walipofika, ule mwisho wa -tl haukukaa kwenye ulimi wao, wakaufanya -te. Tomatl ikawa tomate, coyotl ikawa coyote, ahuacatl ikawa aguacate. Na "hua" inayotamkwa "wa" wakaitanguliza g, ikawa gua. A ya mwanzo ikadondoka njiani, ikabaki guacamole. Mwisho wake hutamkwa "mole" kama tunavyosoma sisi Waswahili. Ile "moli" ni ya watalii.

Kwa hiyo ni mchuzi wa parachichi. Korodani hazimo.

#4 WaMurang'a

Pole pole, MsomaKamusi. Zimo.

Mtawa mmoja Mhispania, Alonso de Molina, alichapisha kamusi ya Kinahuatl na Kihispania kule Mexico City mwaka 1571. Penye auacatl (aliandika hivyo, bila h) ameweka maana mbili: kwanza tunda linalojulikana, kisha compañón. Hilo ni neno la Kihispania cha kale, limetokana na neno la mwenzi, na watu walilitumia kwa korodani kwa kuwa hutembea mbili. Huyo mtawa aliishi na wenyewe, alijifunza lugha yao tangu utotoni. Mgeni wa Arusha tusimwite mwongo haraka hivyo.

#5 MpishiMlimani

Asanteni nyote wawili. Sasa mmeniongezea swali badala ya kulipunguza. Tunda ndilo lililopewa jina la kiungo, au kiungo ndicho kilichopewa jina la tunda? Maana wanaosema korodani wana hoja yao: parachichi hujining'iniza mtini mawili mawili, na umbo nalo tunaliona.

#6 MsomaKamusi

WaMurang'a amenisahihisha na nakubali, niliandika kwa haraka. Molina anayo maana hiyo. Lakini tufungue kamusi ile ile penye auacamulli, ndiyo ahuacamolli kwa maandishi yake. Pale ameandika chakula cha maparachichi na pilipili, basi. Mwili wa mtu hautajwi.

Kuhusu kipi kilianza: kuna mtaalamu wa Kinahuatl, Magnus Pharao Hansen wa Denmark, ambaye amelipigia jambo hili kelele kwelikweli. Anasema maana ya msingi ni tunda, na ile nyingine ni lugha ya utani iliyopandishwa juu yake. Hoja ya historia ya sauti ni hii. Kinahuatl kilipoteza p ya mwanzo katika maneno ya kale. Maji kwa lugha ndugu zake za kaskazini ni pa, kwa Kinahuatl ni atl. Sasa huko Puebla, jimbo la Meksiko, kuna aina ya parachichi kubwa inayoitwa pahua, na kuna mji unaitwa Pahuatlán. Ukiweka pahua kando ya ahua-catl unaona ni watoto wa mama mmoja, mmoja kabaki na p yake na mwingine kaipoteza. Neno ni la tunda tangu zamani hizo.

Na mji wa Ahuacatlán upo. Maana yake mahali penye miparachichi. Nani angekubali kuzaliwa Korodanini?

#7 BintiUnguja

Asalaam aleikum. Nimecheka hapo mwisho, lakini hoja nimeielewa. Mie naitazama hivi: mtaani kwetu ndizi ni ndizi, na watu wazima wakikaa barazani ndizi inaweza kuwa kitu chengine. Akija mgeni miaka mia nne baadaye akaandika kuwa Waswahili walikuwa wakila "mchuzi wa uume" kila Ramadhani, kwa sababu tu tulipika ndizi kwa tui, itakuwa ametusomea vibaya. Neno la utani huishi mgongoni mwa neno la kweli. Lile la kweli ukiliua, hata utani hauna pa kukaa.

#8 WaMurang'a

BintiUnguja, mfano mzuri sana. Ila sikubali kwamba umemaliza. Ndizi haimo kwenye kamusi na maana hiyo ya pili, auacatl imo. Mtawa aliona inafaa kuandikwa. Yaani ilikuwa imezama kwenye lugha, haikuwa ya barazani tu.

#9 BintiUnguja

Au mtawa aliiandika ili apate kuwaelewa watu wakiungama dhambi zao. Padri asiyejua maneno ya mafumbo atasikiliza nini?

#10 KigodaMbele

Kigoda sasa nimekifanya kochi.

#11 ShuleYaJioni

Mimi nimefundishwa kitu kingine kabisa na mwalimu wangu wa Kihispania. Mole inatokana na moler, kusaga. Gwakamole ni parachichi lililosagwa. Hata kitendo chenyewe kinaonekana, mleta uzi amesema anaponda.

#12 JikoLaHouston

ShuleYaJioni, hilo nimelisikia sana na linavutia, ila halisimami. Moler ni neno la Kilatini lililokuja na merikebu. Molli Wahispania walilikuta. Kulikuwa na chilmolli, mchuzi wa pilipili, kabla Mhispania hajaonja pilipili yoyote.

Ushahidi mwingine uko jikoni kwangu. Mimi ni Mtanzania niko Texas mwaka wa kumi na moja, napika pamoja na mama mmoja kutoka milima ya kaskazini ya Puebla. Ana kinu cha jiwe la volkeno cheusi, kina miguu mitatu mifupi, ndani kina vinyweleo vinavyokwaruza kama msasa. Kinaitwa molcajete. Jina hilo kwa Kinahuatl ni mulcaxitl: molli ni mchuzi, caxitl ni bakuli. Bakuli la mchuzi. Mchi wake ni tejolote, ndani yake limo tetl, jiwe. Sasa kama molli ingekuwa kusaga, basi mchi ndio ungepewa jina hilo, kwa kuwa unaosaga ni mchi.

Nilimuuliza huyo mama kuhusu korodani. Bibi yake huzungumza lugha hiyo nyumbani, na huko kwao hata ile -tl haipo, wanamalizia -t tu, parachichi ni awakat. Akaniambia bibi akitaka parachichi husema awakat na wajukuu huleta parachichi. Kisha akafikiri kidogo, akaongeza kuwa wajomba zake wakilewa husema mengine. Kwa hiyo WaMurang'a na BintiUnguja nyote mna fungu lenu.

#13 MpishiMlimani

JikoLaHouston, hebu nieleze huyo mama anavyoanza. Kitunguu kwanza au parachichi kwanza?

#14 JikoLaHouston

Chumvi ya mawe kwanza, pilipili mbichi, kitunguu kidogo sana. Anavisaga hivyo peke yake mpaka vinakuwa uji wa kijani na macho yanamtoka machozi. Ndipo parachichi linaingia, na hilo halisagwi, linabonyezwa mara chache libaki na mabonge. Nyanya mwisho. Mara ya kwanza nilileta mashine ya kusagia, akaniangalia kama nimeleta kiatu mezani.

#15 AvokaBukavu

Bonjour kwa wote. Huku kwetu Congo lile tunda ni avoka, na mwanasheria naye ni avoka. Yote imetoka kwa Wafaransa na Wabelgiji, avocat. Miye nilipokuwa kijana mama alinituma mbio: "Enda kwa avoka, umwambie aje, watu ya shamba wamefika." Tulikuwa na shauri la mpaka wa shamba. Nikasikia "enda kwa avoka". Nikaenda soko ya Kadutu, nikarudi na maavoka sita ndani ya kitambaa. Wale watu walikuwa wamekaa ndani wanangoja wakili. Mama hakunipiga mbele yao. Alichukua yale maavoka, akayakata, akaweka chumvi, wakala wote, wale adui pamoja na sisi. Shauri lilimalizika mwezi wa tatu nyuma ya pale, lakini baba alisema lilianza kupona siku ile.

Sasa swali yangu: kwa nini Mfaransa aliita tunda jina la wakili?

#16 MsomaKamusi

AvokaBukavu, karibu sana, na kisa chako kimenigusa.

Hakuliita kwa makusudi. Ahuacatl ilipokuwa aguacate midomoni mwa mabaharia, iliwakumbusha neno walilolijua tayari, abogado, ambalo zamani liliandikwa pia avocado: wakili. Mtu akisikia neno geni huliegemeza kwenye neno la kwao. Wafaransa wakapokea avocat, Waingereza wakabaki na avocado. Wakili hana uhusiano wowote na tunda, ila sauti. Mreno yeye akaenda njia yake, akasema abacate.

Waingereza walikuwa na jina jingine tena, "peasi la mamba", labda kwa ganda lake la makwaruzo. Wakulima wa California walipoanzisha chama chao mwaka 1915 waliliona hilo jina linafukuza wanunuzi. Ahuacate nalo waliliona gumu. Wakasimama na avocado.

#17 WaMurang'a

Na wengine husema waliiepuka ahuacate kwa sababu ya ile maana ya pili.

#18 MsomaKamusi

Husema. Mnunuzi wa California wa 1915 angejulia wapi Kinahuatl? Jina lilikuwa gumu kutamka, inatosha.

#19 ForodhaTunduma

Mmemwacha wapi kotapela? Ng'ambo ya mpaka, Zambia, parachichi ni kotapela. Mimi naona ni "avocado pear" ya Kiingereza iliyonyolewa kichwa: cado-pear, kotapela. Wamama wanaovusha ndoo asubuhi ukiwaambia parachichi wanaelewa, lakini bei wanakupa ya mgeni.

#20 MzeeWaLikoni

Hapo kwenye "pear" ndipo penye siri ya Pwani. Sisi Mombasa zamani tunda hili tuliliita pea, na mti wake mpea. Limo kwenye kamusi. Nimesikia pia embe mafuta. Parachichi ni neno la bara lililokuja kutushinda nguvu, na sasa vijana wangu hawajui pea ni nini, wanasema avokado. Nilimwambia mjukuu aninunulie pea mbili, akarudi na pea mbili za soksi.

#21 BintiUnguja

Mzee wangu shikamoo. Soksi zilikutosha?

#22 MzeeWaLikoni

Marahaba mwanangu. Moja ninayo mguuni hivi sasa.

#23 ShuleYaJioni

Je, parachichi si pera ya Kireno? Kireno pera ni peasi. Msumbiji wako wanaosema pera-abacate. Pera, para, parachichi.

#24 MsomaKamusi

Lakini pera ya Kiswahili ni tunda jingine kabisa, lile la mpera lenye mbegu ndogo ndogo ngumu. Ungetaka pera moja itupe matunda mawili?

#25 MzeeWaLikoni

Na hata hiyo pera msiseme ni ya Kireno moja kwa moja. Kwa Kimarathi, kule Bombay, tunda la mpera ni peru. Majahazi yalikuwa yanakuja na kaskazi kila mwaka. Sisi tumelipokea kwa Wahindi.

#26 ShuleYaJioni

Na Wahindi walilipokea kwa nani, mzee? Wareno walikaa Goa kabla ya kukaa Fort Jesus. Lile tunda asili yake Amerika.

#27 MzeeWaLikoni

Hapo umenibana. Nitarudi.

#28 MkulimaNjombe

Salaam wakuu. Mimi si mtu wa lugha, nina ekari tatu za parachichi aina ya Hass na miti michache ya aina ya Fuerte ya mzee. Nilikuwa nasoma tu, ila mlipotaja Puebla nikasimama.

Fuerte imetoka Atlixco, mji wa huko huko Puebla. Mwaka 1911 Carl Schmidt alitumwa kutoka California kutafuta miti mizuri, akakata vikonyo kwenye ua wa mtu Atlixco. Mwaka 1913 California ilipigwa na baridi kali, miche mingi ikafa, hiyo ikasimama. Ndipo wakaipa jina fuerte, Kihispania cha "yenye nguvu". Hass ni ya Rudolph Hass, tarishi wa posta, aliyeipatia hataza mwaka 1935. Mti wake wa kwanza uliishi mpaka 2002.

Kwa hiyo mpishi wetu wa Arusha akikata Fuerte ya Njombe au ya Murang'a, anakata mjukuu wa mti wa Atlixco. Mama wa JikoLaHouston ni jirani wa mti wangu. Nilipolijua hili nilikwenda nikaushika ule mti wa mzee. Umepinda upande wa magharibi kwa upepo, gome limepasuka, siafu wanapanda kama kawaida. Nikauona kwa jicho jingine.

#29 MpishiMlimani

MkulimaNjombe, ubarikiwe. Hili nitawaambia vijana wangu kesho kabla hawajashika kisu.

#30 SenenePlus

Nyie wa Hass na Fuerte mtatuua. Bukoba tunakula na ndizi ya kuchoma na chumvi, hatuna haja ya jina la Kiazteki.

#31 MsomaKamusi

SenenePlus, hujui umesema nini. William Dampier, baharia Mwingereza, kitabu chake kilitoka 1697. Aliyaona maparachichi Ghuba ya Panama, akaandika kwamba kwa kuwa hayana ladha yake yenyewe, watu huyachanganya na sukari na maji ya ndimu, wakayaponda kwenye sahani. Kisha akasema namna ya kawaida ya kuyala ni kwa chumvi kidogo na ndizi ya kuchoma. Bukoba na Panama, sahani moja.

#32 SenenePlus

Bibi yangu alikuwa Panama basi. Na sukari alikuwa anaweka, tulikuwa tunamkataza.

#33 WaMurang'a

Msikie na sehemu MsomaKamusi aliyoiruka. Dampier huyo huyo aliandika kwamba tunda hili husemekana linaamsha ashiki, na ndiyo sababu Wahispania walilithamini sana. Naona korodani zinarudi kwa mlango wa nyuma. Kama watu waliliona tunda kwa jicho hilo mwaka 1697 na neno lilikuwa na maana hiyo mwaka 1571, hamuwezi kuniambia ni utani wa walevi tu.

#34 BintiUnguja

Walioliona hivyo ni Wahispania, kwa maneno ya Mwingereza. Wenyewe Waazteki hawajaulizwa bado.

#35 JikoLaHouston

Na tukumbuke, gwakamole ya Waazteki haikuwa na ndimu, kitunguu wala giligilani. Ndimu na giligilani vimekuja na Wahispania, na kitunguu hiki chetu vilevile. Wao walikuwa na parachichi, pilipili, nyanya na chumvi. Molina ameandika pilipili tu.

#36 MpishiMlimani

Kwa hiyo yangu ina ndimu, ina kitunguu, ina giligilani. Mnataka kuniambia miaka sita siandiki tu jina nisilolijua, hata chakula chenyewe si chake?

#37 JikoLaHouston

Hapana kaka. Hata yule mama wa Puebla anatia kitunguu. Giligilani anatia na kulaani kama imenyauka. Lugha yenyewe imepokea Kihispania tele, seuze bakuli.

#38 AvokaBukavu

Mpishi, usihuzunike. Kachumbari yetu sote tunaiita yetu, na jina ni la Wahindi.

#39 MamaWaNgano

Nimechelewa. Miye swali langu ni la jikoni. Ikibaki inakuwa nyeusi. Nimeambiwa nichomeke kokwa katikati. Ni kweli?

#40 MpishiMlimani

Hili nalijua vizuri, dada, limenigharimu bakuli nyingi. Kokwa hulinda pale tu ilipokaa. Iondoe utaona duara la kijani chini yake na weusi pembeni. Kinacholiharibu ni hewa: kuna kimeng'enya ndani ya nyama ya parachichi ambacho kikikutana na hewa huleta weusi. Ndimu hukichelewesha. Kilicho bora ni plastiki laini uibandike juu ya gwakamole yenyewe, uigandamize kwa kiganja pasibaki kipovu hata kimoja. Ukifunika juu ya bakuli tu, hewa umeifungia ndani nayo. Mimi huinua bakuli nikatazama ukingo wote kabla ya kuliingiza kwenye friji.

#41 MamaWaNgano

Asante. Miaka yote hiyo nimekuwa nikitunza kokwa.

#42 DocWaPeru

Niko Lima kwa masomo. Niwaongezee moja: huku ukisema aguacate wanajua wewe si wa hapa. Tunda ni palta, neno la Kikechua, lugha ya Wainka. Mwandishi Inca Garcilaso de la Vega, mwaka 1609, aliandika kwamba lililetwa kutoka nchi ya watu walioitwa Palta baada ya Tupac Yupanqui, mfalme wa Wainka, kuiteka. Chile na Argentina nao husema palta. Kwa hiyo bara lile lile, tunda lile lile, na huku hakuna wakili wala korodani. Jina la watu.

#43 WaMurang'a

Huko Peru hawana nafasi ya kucheka basi. Nawaonea huruma.

#44 MpishiMlimani

Wakuu, mrejesho. Leo asubuhi nimewakusanya wale vijana kabla ya kazi. Nimewaambia ya Molina yote, pamoja na ile maana ya pili, sikuificha. Nimewaambia ya Atlixco na ya yule bibi wa Puebla. Yule aliyeweka kisu chini siku ile akauliza kama bibi yuko hai. Nikamwambia JikoLaHouston ndiye anayejua.

Kadi nimeiandika upya: "Gwakamole. Kinahuatl, ahuacamolli: mchuzi wa parachichi." Nimejaribu na kusaga chumvi na pilipili kwanza, kwenye kinu changu cha mti kwa kuwa cha jiwe sina. Ladha imebadilika kweli. Ukali hauko sehemu moja moja tena, umeenea.

Yule mgeni aliondoka zamani, ningependa aione.

#45 JikoLaHouston

Yuko hai. Ana miaka themanini na kitu, na anauliza kwa nini mnamjadili Afrika. Kinu cha jiwe, jaribu kwa wachonga mawe huko huko kwenu, volkeno mnayo.

#46 WaMurang'a

Kadi ni nzuri. Ningeongeza "na pilipili", maana Molina alisema na pilipili.

#47 MsomaKamusi

Mole bila pilipili ni nadra, imo ndani ya neno tayari.

#48 WaMurang'a

Imo ndani kama zile nyingine zilivyo ndani ya ahuacatl?

#49 MzeeWaLikoni

Nimerudi kwa habari ya pera. Nimemuuliza jirani yangu ambaye babu yake alitoka Ratnagiri, pwani ya India. Anasema kwao ni peru, na bibi yake akisema limeletwa na "Firangi". Firangi kwao ni Mreno. ShuleYaJioni, nusu nakupa. Nusu nyingine nabaki nayo, kwa sababu hata kama Mreno alilipeleka Bombay, aliyeleta Likoni ni Mhindi na jahazi lake. Sasa anayejua "chichi" ya parachichi imetoka wapi aseme, maana huko kwenye pera hamtaipata.